Kola za Mashati Kumi na Nane

Wiki iliyopita walikuja vijana wawili kutoka Kampala, msichana na mvulana, kuniuliza habari za marehemu kaka yangu. Walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, nikawapenda kidogo. Msichana alinionyesha kwenye simu ubao mmoja wa kaka, ule wa kuku aliyebandikwa kwa vipande vya kitenge na karatasi za fedha za pakiti za sigara. Daktari mgeni aliyefanya kazi hapa miaka ya sabini aliununua akaondoka nao, na sasa umetundikwa ukutani ng'ambo, watu wanasimama mbele yake na kuutazama. Wakamwita kaka msanii wa majaribio. Sisi hapa Onduparaka, nje kidogo ya mji wa Arua, tulimwita mwehu wa makaratasi, na jina hilo nililianzisha mimi.

Kisha mvulana akauliza lile lililowaleta. Daktari aliwahi kuandika katika barua kwamba aliona filamu ya kaka, ya dakika tatu hivi, ikionyeshwa kwenye shuka nyumbani kwetu. Iko wapi? Nikajibu upesi, kama mtu aliyegusa chungu cha moto: ilipotea vitani. Wakaandika. Watarudi Alhamisi. Tangu waondoke chakula hakinishuki, kwa sababu neno hilo nimewaambia wote waliowahi kuuliza, na ni uongo.

Wazazi wetu walivuka kutoka Kongo kabla sijazaliwa, wakauza mawese na samaki wakavu sokoni Arua. Kaka nilimwita yaya, kama watu wa Kongo wanavyomwita ndugu aliyewatangulia kuzaliwa. Msomaji wa pwani asidhani nilikuwa na mlezi wa watoto mwenye ndevu.

Yaya alikuwa opereta wa gari la sinema. Alizunguka vijijini na projekta na jenereta, akionyesha filamu za serikali: namna ya kukausha tumbaku, namna ya kuogesha ng'ombe dawa ya kupe, gwaride la askari, Rais akishuka kwenye ndege. Mkanda ukikatika, na kwa vumbi la huku ulikatika kila mara, opereta hukata sehemu iliyoharibika, huunga ncha mbili kwa gundi, na kipande kilichotoka hukitupa. Yaya hakutupa. Alivitia kwenye makopo ya siagi, na makopo yakajaa chini ya kitanda chake.

Kisha akaanza kuunga mabaki hayo kwa mpango wake mwenyewe. Gwaride, halafu ng'ombe wakiingia josho mmoja mmoja, halafu gwaride tena, mpaka usijue ni nani anayeogeshwa. Mahali pengine alichora juu ya mkanda wenyewe kwa sindano, picha baada ya picha, akikandamiza mpaka ncha inauma plastiki. Sindano zilikuwa zangu. Mimi nilikuwa mshonaji, sindano nzuri miaka ile ilitoka Kongo kwa magendo, na kila nilipofungua kibweta changu nilikuta moja imepungua. Tuligombana kwa sindano kuliko kwa jambo lolote lingine.

Siku aliyotuonyesha filamu ile nilicheka mpaka ng'ombe walipofika josho. Hapo kicheko kikanikauka.

"Yaya, hii itatuua," nilimwambia.

"Iko ng'ombe tu," akasema.

Sasa nieleze habari za magazeti, maana bila hizo hakuna linaloeleweka. Gazeti likishasomwa huwa karatasi ya kufungia karanga. Lakini miaka ile uso wa Rais ulikuwa gazetini kila siku, kurasa mbili au tatu, na nani angethubutu kufunga samaki kwa uso ule? Muuza nyama mmoja alichukuliwa, watu wakasema ni damu iliyoonekana kwenye karatasi. Pengine haikuwa kweli, lakini sokoni hakuna aliyetaka kuhakikisha. Basi kila muuzaji alipekua gazeti lake kwanza na kuzitenga kurasa zenye uso. Kuzichoma hakuthubutu, kuzitupa chooni ndiyo usiseme. Marundo yakakua chini ya meza. Mwishowe wakapata dawa: wakamletea yaya. "Wewe mutu ya karatasi, chukua." Naye alipokea zote. Chumbani kwake kulikuwa na maboksi manne ya uso mmoja, na kila nilipopita mlangoni nilihisi natazamwa.

Yaya hakuutumia uso ule hata siku moja. Aligeuza ukurasa akatumia upande wa pili, wenye matangazo ya sabuni na matokeo ya mpira. Uso aliupaka gundi ya muhogo akaulaza kuelekea ubao. Alisema ndiyo njia salama kuliko zote, uso haujaonekana na haujatupwa. Nilimkubalia. Tulijiona wajanja.

Mwaka wa sabini na sita, kama sikosei, wakati wa kiangazi, mkubwa mmoja wa Koboko alitaka ubao wa kupamba ukumbi siku ya wageni. Yaya akatengeneza wanawake wakitundika majani ya tumbaku kwenye kamba. Ulikuwa ubao mrefu kuliko kitanda. Majani yalikuwa mengi ajabu, yote yamekatwa kwa mkasi wangu kutoka kurasa zile, yamechovywa kwenye chai ya rangi ili yawe ya kahawia. Alimaliza asubuhi ya siku yenyewe. Muhogo wa gundi ulikuwa mzuri, umetoka Logiri, lakini gundi haikuwa imekauka. Nilimwambia. Akasema itakauka njiani.

Nilikwenda naye Koboko kwa sababu mablanketi ya kuzibia madirisha niliyaunga mimi. Filamu ya serikali ilionyeshwa saa nane mchana, na ukumbi ulikuwa wa mabati. Watu walibanana, projekta ikapuliza joto lake, na baada ya nusu saa tulikuwa tunavuta pumzi za wenzetu. Kuta zililowa. Filamu ilipokwisha, askari alivuta mablanketi, mwanga ukaingia, nami nikatazama ubao kwa fahari, nione kama watu wanautazama.

Majani yalikuwa yamejikunja. Gundi ilikuwa imelegea kwa mvuke, kila jani limenyanyua ncha, kama tumbaku yenyewe inavyofanya ikikauka, na kila jani lilionyesha mgongo wake. Hapa jicho. Pale sikio. Nusu ya mdomo, nishani, kofia isiyo na kichwa, jicho tena na tena. Mtu ambaye hatukuthubutu kumfungia samaki alikuwa amekatwakatwa na kutundikwa kwenye kamba na wanawake, mbele ya wageni.

Hakuna aliyesema neno. Ukimya ule ndio unaonirudia mpaka leo kuliko mengine yote. Watu wote waliona na wote waliamua hawajaona. Mzee aliyekuwa mbele yangu alianza kuchunguza kifungo cha kanzu yake. Mwanamke mmoja alifumba macho kabisa, kana kwamba anasali. Ofisa aliyekaa kiti cha mbele aliutazama ubao, kisha akageuka kututazama sisi, polepole, safu kwa safu, aone ni nani anayetazama. Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu.

"Nani nafanya hii picha?" ofisa aliuliza kwa sauti ya upole.

Yaya alikuwa nyuma, anakunja waya. "Iko mimi, afande."

"Picha mzuri. Kuja tuongee."

Alipita karibu nami. Hakunigusa, hakunitazama, wala mimi sikumwita. Wapo walioniambia baadaye kwamba wao wangemwita. Hawakuwemo humo ndani.

Nilirudi Arua jioni hiyo kwa lori la tumbaku, nimekaa juu ya marobota. Nilijua mambo yalivyo. Ubao ungeweza kuitwa ajali. Mtu angesema gundi ilikuwa mbaya, na Mungu akipenda yaya angepigwa na kuachwa. Lakini askari wakija nyumbani wakakuta maboksi ya uso uliokatwa kwa mkasi, na mkanda wa wanajeshi wanaochanganywa na ng'ombe wa josho, hiyo isingekuwa ajali tena. Uhai wa yaya ulikuwa chini ya kitanda chake, na nyumbani nilikuwa mimi peke yangu.

Nilianza na kurasa. Niliziloweka, nikazitia kwenye kinu na kutwanga, maana jua lilikuwa halijazama na saa hiyo kila nyumba inatwanga kitu. Jirani yangu akachungulia juu ya ua. Alikuwa Mwislamu, mjukuu wa wale askari wa Kisudani wa zamani walioletwa na Waingereza, na mume wake alikuwa jeshini.

"Dada, unatwanga nini?"

"Sombe."

Akanusa hewa. Majani ya muhogo yakitwangwa yana harufu yake, na kinu changu kilinuka wino. Neno lake moja tu kwa mumewe lingetumaliza. Aliondoka, nami nikasimama na mchi mkononi. Kisha akarudi amebeba kinu chake mwenyewe, akakiweka upande wake wa ua, akaanza kutwanga.

"Mimi pia iko na sombe," alisema.

Yake ilinuka uani kote. Tulitwanga pamoja mpaka maboksi yote manne yakawa rojo, na hatukulizungumza jambo hilo tena mpaka alipofariki. Rojo nililichanganya na udongo nikakandika ukuta wa jiko.

Mkanda haukutwangika. Nilijaribu kuchoma kipande, ukatoka moshi wenye harufu kali ya siki ambayo ingesikika hadi barabarani. Kufukia sikuweza, ardhi ilikuwa ngumu ya kiangazi na shimo jipya lingejulikana hata kwa kipofu. Chooni ungeelea. Kesho yake asubuhi nilikaa mbele ya cherehani bila la kufanya, na juu ya meza kulikuwa na kazi ya watu: mashati kumi na nane ya mfanyabiashara aliyeuza mpakani Oraba, bado hayana kola.

Kola husimama kwa sababu ya kitambaa kigumu kinachotiwa ndani. Mwaka ule kitambaa hicho hakikupatikana, na washonaji tulitumia chochote, hata makasha ya dawa. Nikautazama mkanda. Upana wake kama kidole. Mgumu, mwepesi, unapinda bila kuvunjika.

Nikachukua mkasi. Kazi ya miaka mitatu ya yaya niliikata kwa urefu wa shingo ya mtu, vipande vitatu kwa kila kola, na vifupi kwa mwisho wa mikono. Sikuvipitishia sindano, nilivitengenezea njia kati ya vitambaa viwili. Nililia, nisiseme uongo, nikapangusa macho kwa bega ili nisilowanishe kazi. Kwa siku mbili sikuinuka ila kunywa maji, na kila gari lililopunguza mwendo barabarani nilisimamisha mguu kwenye pedali na kungoja lipite.

Walikuja siku ya tatu, saa nne asubuhi, askari watatu. Walipasua godoro, wakamwaga unga, wakachokora choo kwa mti. Chini ya kitanda cha yaya wakayakuta makopo. Nilikuwa nimeyasahau kabisa.

"Hii kopo ilikuwa na nini?" aliuliza sajini.

"Siagi, afande."

"Kopo yote hii?"

"Ndugu yangu anapenda siagi."

Akalipindua kopo moja. Nilihisi mkojo ukitaka kunitoka, na ninaandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Kisha macho yake yakaenda kwenye mashati yaliyotundikwa.

"Hii shati iko ya nani?"

"Ya batu ya Oraba, afande. Watakuja kuchukua."

Akashika kola ya lile la mbele, akaikunja kwa kidole gumba, akaiachia. Ikarudi mahali pake yenyewe.

"Kola iko kali," akasema. "Piga pasi."

Pasi yangu ilikuwa ya mkaa, na ilikuwa moto. Ningeigusisha kola ile, plastiki ingeyeyuka na harufu ya siki ingejaa chumba. Nikalowesha kitambaa, nikakitandika juu ya kola, nikapitisha pasi hewani zaidi kuliko kwenye nguo. Mvuke ukapanda. Nilinusa, nikanusa tena. Sajini alisimama karibu hata nikasikia pumzi yake sikioni. Jasho langu lilidondoka kwenye shati, nikalikausha hapohapo. Akavua lake, akavaa hilo, akainua kidevu mbele ya kioo changu kidogo. Alifurahi. Aliwaambia wenzake hapa hapana kitu, wakaondoka, naye amebeba shingoni kile walichokuja kukitafuta. Mashati kumi na saba yalikwenda Oraba Jumamosi.

Yaya walimwachia baada ya wiki tano. Hawakuwa na kitu zaidi ya ubao wa gundi mbaya. Alirudi kwa miguu kutoka mahali ambapo hakunitajia, amekonda, sikio la kushoto halisikii tena. Alikunywa uji, akaingia chumbani, akainama kutazama chini ya kitanda.

"Filamu iko wapi?"

Nikamweleza yote, kinu, ukuta, mashati, sajini. Alinisikiliza kwa sikio la kulia, amegeuza kichwa. Nilingoja anishukuru au anipige kofi, na nilikuwa tayari kwa yote mawili.

"Ulikata wapi?" akauliza.

"Wapi namna gani?"

"Katikati ya picha, ao kwenye mustari?"

Kati ya picha na picha kwenye mkanda kuna mstari mwembamba, na opereta hakati pengine popote. Mimi nilijuaje? "Nilikata pale shingo inaishia," nikamwambia. Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali bei, akaenda kulala.

Hakutengeneza filamu tena, wala ubao. Mkasi wangu hakuugusa, na sindano zangu zikabaki kamili kwenye kibweta. Watu husema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Kwetu kilio hakikuja, na nilidhani hiyo yatosha.

Ila alianza kwenda Oraba. Alizunguka kati ya malori, kwa madalali na wabadilisha fedha, akitazama shingo za watu, mpaka akapata shati moja, akalitambua kwa mshono wangu, akalinunua kwa mwenyewe. Alilivaa karibu kila siku. Na hakukubali lifuliwe. Mwili wa shati alijifulia mwenyewe, akilishika kola juu ya maji kama mtoto asiyetaka kuoga kichwa. Kola ikawa nyeusi kama sufuria. Nilimsema, nilimfokea mbele za wageni, nilimwambia ananiaibisha mimi mshonaji. "Iache tu," alijibu.

Sabini na tisa, vita vilipotufikia, tulivuka kwenda Kongo, kijijini kwa watu wa mama. Huko homa ikamshika. Siku ya saba, wazee wa kanisa walipotuma habari kwamba watakuja kumwombea, nilimtazama amelala mkekani na kola ile, nikaona haya. Nilimvua shati, hakuwa na nguvu za kunizuia. Nikachemsha maji, nikaisugua kola kwa sabuni na gunzi mpaka ikawa nyeupe. Yeye alinitazama muda wote.

"Itakauka haraka," nilimwambia. "Jua iko."

"Ndiyo," akasema.

Alifariki siku mbili baadaye. Nilimzika na shati jingine, hili nikaliweka, na tangu hapo limekaa sandukuni.

Jana nililitoa. Nilikata mshono wa kola kwa wembe, mshono wangu mwenyewe, bado ni imara. Vipande vitatu vikatoka, na vilikuwa vyeupe, vinaonyesha ng'ambo kama kioo. Hakuna gwaride, hakuna ng'ombe. Nilimwita mjukuu wa yule jirani yangu, ambaye anafanya kazi ya picha mjini, akanieleza kwamba picha hukaa juu ya plastiki kama utando wa maziwa, na maji ya moto na sabuni huutoa wote. Yaya alijua hilo. Miaka mitatu alivaa kola chafu akitukanwa na mimi, na hakuniambia sababu. Angeniambia, ningejua kwamba yale mashati mengine kumi na saba yanafuliwa kila wiki, na kwamba nilichodhani nimekificha nilikuwa nimekiua. Alinificha mimi hilo. Nilikaa chini jikoni nikalia kwa sauti, mzee mzima.

Baadaye nilivishika vipande dirishani. Picha hazimo, lakini sindano iliuma plastiki yenyewe, na mikwaruzo ipo. Ni vistari vifupi, kimoja kila picha, vimefuatana sawasawa kutoka mwanzo wa kipande hadi mwisho. Ni mshono. Alikuwa akiniangalia nikifanya kazi, kumbe, akaupitisha mshono wangu juu ya askari na ng'ombe kwa sindano zile tulizogombania. Mwisho wa kila kipande, mkasi wangu umepita katikati ya kistari, yaani katikati ya picha.

Alhamisi wakija nitawapa shati na vipande vitatu. Nitawaambia haikupotea vitani. Nitawaambia ni mimi, na kwamba sikukata kwenye mstari.